Chawa waliofeli: Machiavelli, Camões na Cervantes

Mimi riziki yangu iko kwenye stationery. Fotokopi, laminesheni, passport size, kuskani vyeti, na zaidi ya vyote barua za kuomba kazi, maana mtaani vijana wenye vyeti ni wengi kuliko kazi zenyewe na kila mmoja anaamini barua yake ikikaa sawa kidogo tu mambo yatanyooka. Kwa hiyo nimezisoma mpaka basi. YAH: MAOMBI YA KAZI. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni kijana wa Kitanzania, mchapakazi, mwaminifu, niko tayari kufanya kazi katika mazingira yoyote. Ukishaizoea harufu yake unaitambua hata ivalishwe nguo gani, na ndo maana nilipoanza kuwasoma wale waandishi wakubwa wa Ulaya wa zama za Renesansi, ule mwamko wa elimu na sanaa, wale ambao majina yao yanatajwa kwa heshima kubwa utadhani walizaliwa wakiwa sanamu, nilijikuta nacheka peke yangu kaunta. Hizi ni barua za kazi jamani.

Shakespeare nitamruka, huyo Mwalimu Nyerere alishatuletea Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi kwa Kiswahili kizuri, anajulikana. Nataka kuongelea watatu wengine, Mwitalia mmoja, Mreno mmoja na Mhispania mmoja, na huyo Mreno anatuhusu sisi watu wa pwani kuliko tunavyodhani.

Ila kwanza tuelewe hela ilikuwa inatoka wapi. Mashine ya kuchapa ilishaingia Ulaya toka miaka ya 1450 kule Mainz, vitabu vinatoka kwa wingi, lakini mwandishi mwenyewe alikuwa hapati cha maana, anamuuzia mchapaji haki zake mara moja tu na biashara imeisha, kitabu kikija kulipuka sokoni hiyo ni neema ya mchapaji. Hela ya mwandishi ilikuwa kwenye ule ukurasa wa mbele, pale unapomtaja mheshimiwa fulani kwa sifa zote za duniani na za mbinguni, unampelekea nakala, halafu unakaa unasubiri kama atakukumbuka kwa kafuko ka dhahabu au, bora zaidi, kwa cheo. Erasmus wa Rotterdam, msomi aliyekuwa na jina kuliko wote kizazi chake, mtoto wa nje ya ndoa wa padri, naye alikula hivohivo, kwa kuwaandikia wakubwa kurasa za mbele na kulalamika kwamba hawatoi. Bongo siku hizi tunaita uchawa. Wakenya mtaniwia radhi, chawa kwetu ni yule mtu anayeganda kwa mkubwa akimsifia usiku na mchana ili apate kula.

Na ninachotaka kusema ni hiki, hawa watatu walitaka kweli kuwa chawa, walijitahidi, ila kipaji hicho hawakuwa nacho. Kila wakianza kusifia kuna kitu kinawaponyoka, na hicho kilichowaponyoka ndicho tunachokisoma mpaka leo.

Machiavelli, yule Mwitalia, alikuwa mtumishi wa umma haswa. Alikuwa na miaka 29 tu mwaka 1498 alipopewa ukatibu kwenye ofisi ya pili ya serikali ya jamhuri ya Florence, na kwa miaka kama 14 akawa mtu wa kutumwa, nenda kwa mfalme wa Ufaransa, nenda kwa Papa, nenda kakae na Cesare Borgia, yule mtoto wa Papa anayeteka miji, utuletee ripoti anapanga nini. Posho ndogo, analalamika hela hazitoshi kama mtumishi yeyote aliyeko safari ya kikazi. Yeye pia ndo alisimamia kuundwa kwa mgambo wa raia, akiamini askari wa kukodi ni hasara tupu. Mwaka 1512 majeshi ya Hispania yakaja, mgambo wake pale Prato wakatimua mbio, familia ya Medici, matajiri waliokuwa wakiutawala mji zamani, ikarudi madarakani, na Novemba mwaka huohuo Machiavelli akatumbuliwa. Kibarua kikaota nyasi.

Haikuishia hapo. Februari 1513 kuna vijana walikamatwa kwa njama dhidi ya Medici, ikapatikana karatasi yenye majina na jina la Machiavelli likawemo. Wakamfunga mikono kwa nyuma, wakamvuta juu kwa kamba halafu wanamwachia ghafla, mwili mzima unabaki unaning'inia kwenye mabega, na kwa hesabu yake mwenyewe walifanya hivyo mara 6. Hesabu hiyo kaiandika wapi? Kwenye shairi, akiwa bado selo, shairi la utani alilomwandikia Giuliano de' Medici, mmoja wa familia ileile iliyomfunga, akimwelezea pingu za miguuni na kuta zenye chawa wanene kama vipepeo. Hao ni chawa wa mwilini sasa. Yaani mtu mabega yametoka kuvutwa kwa kamba na bado anatunga mistari ya kumchekesha bosi.

Machi kadinali wa familia hiyo akachaguliwa kuwa Papa Leo X, mji ukaingia kwenye sherehe, wafungwa wakaachiwa, naye akatoka akaenda kukaa shamba, kijiji cha Sant'Andrea in Percussina kusini mwa Florence. Kuna barua aliyomwandikia rafiki yake Francesco Vettori, balozi kule Roma, tarehe 10 Desemba 1513, na mimi naipenda kuliko kitabu chenyewe. Anamsimulia siku yake inavyokwenda. Asubuhi yuko msituni kwake anakokata miti auze kuni, anapiga stori na wakata miti ambao kila siku wana ugomvi mpya. Wateja nao vichomi, jamaa mmoja kachukua mzigo wa kuni halafu kwenye malipo anataka kukata lira 10, anadai alimla Machiavelli kwenye karata miaka minne nyuma na hajawahi kulipwa. Akitoka hapo anaenda kwenye chemchemi na kitabu cha mashairi, Dante au Petrarca. Halafu barabarani kwenye nyumba ya wageni, anaongea na wapita njia, anawauliza habari za kwao. Anakula kile ambacho kishamba chake kinatoa, na baada ya hapo ni kijiweni, mwenye nyumba ya wageni, muuza nyama, msaga unga na wachoma tanuri wawili, wanapiga karata, wanatukanana kwa sababu ya senti moja mpaka kelele zinasikika San Casciano, mji wa jirani. Jioni anarudi nyumbani, mlangoni anavua nguo za tope, anavaa yale mavazi ya heshima ya kuingilia ikulu za wafalme, anaingia kwenye chumba chake cha vitabu kuongea na watu wa kale, anawauliza kwa nini mlifanya hivi na vile, nao kwa ubinadamu wao wanamjibu. Masaa manne hayo hasikii shida, haogopi umaskini, kifo hakimtishi.

Watu wengi wananukuu hapo pa mavazi wanaishia hapo, maana panapendeza. Endeleeni kusoma. Anasema ameandika kijitabu kuhusu tawala, sasa anajiuliza akipeleke kwa Giuliano mwenyewe au asipeleke. Anaogopa akikituma hakitasomwa, halafu yule Ardinghelli, katibu wa Papa, ajichukulie sifa za kazi yake. (Nani hajawahi kufanya ofisi moja na Ardinghelli?) Ila kinachomsukuma ni njaa, anasema anaisha, akiendelea hivi umaskini utamfanya adharaulike, na anatamani hao mabwana wa Medici waanze tu kumtumia, hata kama kwa kuanzia watampa kazi ya kubingirisha jiwe. Katika mazingira yoyote, kama wateja wangu.

Sasa fungua Il Principe (Mtawala), ndo kijitabu chenyewe. Ukurasa wa mbele ni maombi ya kazi yaliyokamilika, unaanza kwa kusema wanaotaka kupendwa na mtawala humletea farasi, silaha, vitambaa vya dhahabu na mawe ya thamani, mimi sina hivyo, nina elimu yangu tu ya mambo ya watu wakubwa, na unamalizia kwa kumwomba Lorenzo de' Medici (Giuliano alishafariki 1516, barua ikabadilishiwa jina la mpokeaji) atupie jicho huku chini aone mtu anavyoonewa na bahati mbaya isiyoisha. Hapo vizuri kabisa. Shida ni kinachofuata. Chawa anayejua kazi yake humwambia bosi kwamba wananchi wanampenda. Huyu anamwambia bosi kupendwa hakuna uhakika, kama huwezi kupata vyote viwili bora uogopwe, ila usiguse mali za watu kwa sababu mtu anasahau kifo cha baba yake haraka kuliko urithi aliodhulumiwa. Anamsimulia jinsi Cesare Borgia alivyompa mtu wake mkatili, Remirro de Orco, kazi ya kunyoosha jimbo la Romagna, jimbo likanyooka, halafu asubuhi moja watu wa Cesena wakaamka wakakuta Remirro yuko uwanjani vipande viwili, pembeni gogo na kisu chenye damu, na wananchi wakabaki wameridhika na kupigwa butwaa kwa wakati mmoja. Machiavelli alikuwa Cesena kikazi siku zile za Desemba 1502. Hajaisoma hiyo mahali.

Fikiria wewe ndo Lorenzo. Una miaka ishirini na kitu, ndo umekabidhiwa mji, halafu anakuja mtumishi wa serikali iliyopita anakuonyesha kwa maandishi kwamba anazijua hila zote mtakazowafanyia watu. Utamwajiri? Mimi nisingemwajiri. Ningemwogopa.

Kazi ya maana hakupata. Baadaye, 1520, Medici mwingine, Kadinali Giulio, akampa dili la kuandika historia ya Florence, hela kidogo, akaandika. Mwaka 1527 Medici wakafukuzwa tena, jamhuri ikarudi, jamhuri ileile aliyoitumikia ujanani, na wenye jamhuri wakamwona huyu si alikuwa anakula kwa Medici? Wakampita. Akafa Juni mwaka huohuo. Il Principe ikachapwa 1532 yeye hayupo, na 1559 kanisa likaiweka kwenye orodha ya vitabu vilivyopigwa marufuku.

Hapa kuna msomaji atasema mbona wengine walipata kazi. Walipata, ndio. Thomas More wa Uingereza mwaka 1516 alitoa Utopia, na ndani yake kuna msafiri anaulizwa kwa nini asiende kumshauri mfalme fulani, anajibu kwamba ikulu hakuna anayesikiliza ushauri, wote wanashindana kumwambia mfalme anachotaka kusikia. Halafu More mwenyewe akaenda kufanya kazi ikulu! Akapanda mpaka cheo cha juu kabisa cha sheria, na 1535 Henry VIII akamkata kichwa. Msafiri wake alimwonya kabisa. Na Montaigne wa Ufaransa hakuhitaji kazi, alikuwa na shamba la mizabibu na ngome, mwaka 1571 akiwa na miaka 38, uhakimu ameshauacha, akajifungia kwenye mnara na vitabu vyake akaandika insha ambazo mimi nazisoma kwa raha kuliko hata Machiavelli. Kuna moja anasimulia wenyeji wa Brazil waliofika Rouen, walipoulizwa nini kimewashangaza Ufaransa wakasema kwanza ni watu wazima wenye ndevu na silaha kumtii mtoto (mfalme alikuwa bado kijana mdogo), na pili ni wale wanaokonda kwa njaa wakiomba kwenye milango ya walioshiba, wanavumiliaje hii dhuluma bila kuwakaba wenzao koo au kuchoma nyumba zao moto. Cha tatu Montaigne anasema kakisahau, na mkalimani wake alikuwa hovyo.

Wanawake ndo kabisa, hata fomu ya kuombea hawakupewa. Moderata Fonte wa Venisi alimaliza kitabu chake cha wanawake saba wakikaa bustanini kuwajadili wanaume, na mwaka 1592 akafa kwenye uzazi, kitabu kikaja kutoka 1600.

Haya, tuje pwani yetu.

Luís de Camões ndo mshairi mkuu wa Ureno, mpaka leo siku aliyokufa, tarehe 10 Juni, ni sikukuu ya taifa kule. Akiwa hai ilikuwa stori nyingine. Jicho la kulia lilibaki Ceuta, kaskazini mwa Afrika, alikokuwa askari. Mwaka 1552 Lisbon, siku ya maandamano ya Ekaristi, akaingia kwenye ugomvi akamjeruhi mtumishi wa ikulu, akasukumwa ndani miezi kadhaa, akasamehewa kwa sharti aende India kumtumikia mfalme. Huko kote akahangaika, Goa, mashariki ya mbali, meli ikazama karibu na mdomo wa mto Mekong na yeye mwenyewe kwenye utenzi wake anautaja ule mto kama uliopokea mashairi yaliyolowa. Halafu akiwa njiani kurudi kwao akakwama Kisiwa cha Msumbiji, upande wa kusini wa ulimwengu wetu wa Waswahili, na mwaka 1569 mwandishi wa historia Diogo do Couto, rafiki yake, akapita na meli akamkuta pale. Maneno ya Couto ni kwamba alimkuta maskini kiasi kwamba anakula kwa marafiki. Anadaiwa, nguo hana, nauli hana. Yeye na wenzake wakachanga wakamvisha na kumpandisha meli. Na kipindi hicho chote anasota pale kisiwani alikuwa anapiga msasa utenzi wake, Os Lusíadas, sehemu 10, beti zaidi ya 1,100, kuhusu Vasco da Gama kupita kwetu mwaka 1498 akielekea India.

Kwa hiyo moja ya tenzi kubwa za Renesansi ilipigwa msasa kwenye pwani hii hii, na mtu anayelishwa na wenzake. Mi hiyo haitoki kichwani.

Sasa sisi tumo vipi humo ndani? Mombasa ni waovu. Bacchus, mungu wa kale wa mvinyo, hataki Wareno wafike India, anajigeuza padri pale Mombasa na altare ya uongo ili wajumbe wa Gama warudi melini wakisema hapa kuna Wakristo wenzetu, tuingie, halafu wamalizwe. Anayewaokoa ni Venus, mungu wa kike wa mapenzi, anakuja na majini ya kike ya baharini wanaisukuma meli kwa vifua vyao isiingie bandarini. Malindi ni wema, mfalme wake anampokea Gama, halafu anawekwa kitako kusikiliza historia nzima ya Ureno, sehemu tatu za utenzi, ya 3 mpaka ya 5, mgeni anaongea tu. Uvumilivu wa hali ya juu kwa Mswahili ambaye alikuwa na yake ya kusema.

Kuna kitu kimoja kidogo humo nimekiganda sana. Shajara ya safari ile ya 1498, iliyoandikwa na mtu aliyekuwemo kwenye msafara, inasema mfalme wa Malindi alikuwa na wapiga tarumbeta wengi na siwa mbili, yale mabaragumu makubwa, za pembe za ndovu zilizonakshiwa, zenye urefu wa mtu, zinapulizwa kwenye tundu la ubavuni, na zilipatana vizuri na zile tarumbeta. Aliyesikia kwa masikio yake alisema zinapatana. Camões akija kuandika tukio hilohilo, kwanza anamremba mfalme, joho la zambarau, mkufu wa dhahabu, jambia lililonakshiwa, kilemba cha hariri na pamba, viatu vya mahameli vyenye dhahabu na lulu, anasifia haswa, lakini akifika kwenye muziki anasema ni tarumbeta zilizopinda zinazopiga makelele bila mpangilio. Kwa nini? Kwa sababu anaandika kwa mfalme wa Lisbon, na kule Lisbon mwafrika anaweza kuvaa vizuri lakini hawezi kuwa na muziki. Huo ndo uchawa wenyewe. Siwa ya pembe ya Pate ipo mpaka leo, imehifadhiwa Lamu, mwenye macho akaiangalie ile kazi halafu aniambie kama watu waliotengeneza vile walikuwa wanapuliza ovyo.

Mbaya zaidi iko sehemu ya 10, pale anapotabiriwa Gama mambo yajayo (kwa Camões yalishapita miaka zaidi ya 60, utabiri rahisi huo). Anasema Francisco de Almeida atakuja, ataweka mfalme mtiifu Kilwa, na Mombasa yenye majumba ya fahari itachomwa kwa chuma na moto, iwe malipo ya ubaya wake wa zamani. Ni tukio la kweli, 1505. Anakiri kabisa majumba yalikuwa ya fahari, halafu anafurahia yakiungua. Nasoma hiyo na siwezi kujifanya sijaisoma kwa sababu tu beti zimepangika.

Lakini ni mtu huyohuyo, sehemu ya 4, meli za Gama zinang'oa nanga Lisbon, wake na mama wanalia ufukweni, ambaye anamsimamisha mzee mmoja asiye na jina kati ya watu anaanza kulaani. Mnaita umaarufu, mnaita heshima, ni tamaa tu ya kutawala, mnaacha adui mlangoni kwenu mnakwenda kutafuta mwingine mbali, na alaaniwe wa kwanza aliyeweka tanga kwenye mti mkavu. Beti 10 nzima, na Camões hampi mtu nafasi ya kumjibu, meli zinaondoka tu. Kwenye utenzi wa kuisifu safari hiyohiyo! Nani alimtuma? Na mwishoni kabisa, pale ambapo mwombaji anapaswa kumalizia na wako mtiifu, anasema basi nanyamaza, sauti imekauka, na si kwa kuimba, imekauka kwa kuwaimbia watu viziwi wenye mioyo migumu.

Halafu anajikumbuka, anamgeukia mfalme Sebastião, kijana wa miaka 18, anamwambia nenda Morocco ukawashinde nitakuimba. Utenzi ukatoka 1572, Camões akapewa pensheni ya réis 15,000 kwa mwaka, na yenyewe ilikuwa inachelewa. Mwaka 1578 mfalme akaenda kweli Morocco, akafia vitani Alcácer Quibir na jeshi lake, na 1580 Ureno ikachukuliwa na Hispania. Camões akafa mwaka huohuo. Sisemi mfalme alikwenda kwa sababu ya shairi, wa kumpeleka walikuwa wengi. Ila ushauri pekee ambao mkubwa aliukubali kwenye kitabu kizima ni ule wa kichawa, na yule mzee wa ufukweni hakuna aliyemsikiliza.

Cervantes, yule Mhispania, ndo mwenye akili kuliko wote hapa, kwa maana kwamba alielewa mchezo unavyochezwa. Alizaliwa 1547, baba yake daktari wa mtaani wa kuunga mifupa na kutoa damu. 1571 akapigana vita ya baharini ya Lepanto dhidi ya Waturuki akiwa na homa, risasi mbili kifuani na moja mkono wa kushoto, mkono ukafa. 1575 anarudi nyumbani na barua za konekisheni nzito kweli, moja ya Don Juan wa Austria, ndugu wa mfalme, tayari kwenda kuombea cheo. Maharamia wa Algiers wakaikamata meli, wakampekua, wakazikuta zile barua, wakasema kumbe huyu ni mtu mkubwa, bei ya kumkomboa ikapandishwa juu. Konekisheni zikamponza. Akakaa mateka miaka 5, akajaribu kutoroka mara 4, familia ikakamuliwa, na 1580 watawa wa shirika la Utatu wakamkomboa kwa escudo 500 akiwa ameshapakiwa kwenye meli ya kwenda Istanbul.

Serikali ikamlipa nini? Kazi ya kuzunguka vijiji vya Andalusia akikusanya ngano na mafuta kwa ajili ya meli za vita za kuivamia Uingereza, anachukua kwa wakulima kwa ahadi ya kulipwa baadaye, mnajua wenyewe mkulima anavyomwangalia mtu kama huyo, na 1587 aligusa nafaka za kanisa pale Écija akatengwa na kanisa. Mwaka 1590 akaandika barua rasmi kuomba mojawapo ya nafasi nne zilizo wazi Amerika, mojawapo ikiwa ugavana wa Soconusco, wakati huo chini ya Guatemala. Jibu liliandikwa pembeni ya barua yake mwenyewe, kwa ufupi, atafute hukuhuku cha kumfaa. Benki ya Seville aliyoweka makusanyo ya kodi ikafilisika, na 1597 yeye ndo akawekwa ndani.

Don Quixote ilitoka 1605, yeye ana miaka 57. Watu wanamwongelea sana yule mzee anayejiona shujaa na kuvivamia vinu vya upepo akidhani ni majitu, mi namwangalia Sancho, msaidizi wake. Sancho ni mkulima aliyeacha mke na watoto akamfuata chizi kwa sababu ameahidiwa ugavana wa kisiwa. Kitabu kizima anauliza, mzee vipi kile kisiwa? Na sehemu ya pili, 1615, anapewa, kwa utani wa tajiri mmoja na mkewe wanaotaka kucheka. Sancho anakaa mezani, chakula kinaletwa, daktari wa ikulu ananyoosha kifimbo kinaondolewa, hiki kibaya kwa afya ya gavana, kile nacho kibaya, gavana analala njaa. Kabla ya hapo waliletwa wazee wawili, mmoja anamdai mwenzie escudo 10 za dhahabu, mdaiwa anampa mdai ashike bakora yake, anaapa kwamba amesharudisha hela, anachukua bakora yake anaondoka. Sancho anawaza kidogo, anaagiza bakora ivunjwe, escudo 10 hizo hapo ndani. Mkulima asiyejua kusoma anahukumu vizuri kuliko wote waliomtuma pale ili wamcheke, na baada ya siku chache anajiuzulu mwenyewe, anamkumbatia punda wake, anasema nimeingia mtupu natoka mtupu, tofauti na magavana wengine. Cervantes alinyimwa Soconusco akampa Sancho kisiwa. Mtu aliyepata ile kazi asingeiandika hivyo, na mtu ambaye hakuwahi kuitaka pia asingeiandika hivyo.

Kuna kisa mkaguzi aliyekiruhusu kitabu hicho amekiweka kwenye kurasa za mwanzo kabisa. Mabwana wa Kifaransa walikuja Madrid wakauliza huyu Cervantes hali yake ikoje, wakaambiwa ni mzee, askari, muungwana na maskini. Mmoja akasema mbona Hispania haimlishi kwa hazina ya umma. Mwingine akajibu, kama ni shida inayomlazimisha kuandika basi Mungu asimpe utajiri, ili kwa kazi zake yeye akiwa maskini aitajirishe dunia. Nimekutana na wasomi wanaonukuu hiyo kama hekima. Ni maneno ya mtu aliyetoka kula. Montaigne alishiba na akaandika, shida haiandiki kitabu cha mtu, na hatujui Cervantes angeandika vingapi kama asingetumia miaka yote ile kugombana na wakulima kuhusu magunia ya ngano.

Na kurasa zilezile ndo zina barua yake kwa Count wa Lemos, mkubwa aliyekuwa anamtegemea, ambaye 1610 alipokwenda kuwa mtawala wa Napoli alibeba waandishi wengine akamwacha yeye. Anamwandikia kwamba Mfalme wa China amemtumia mjumbe, anataka kufungua chuo cha Kihispania, kitabu cha kiada kiwe Don Quixote na mkuu wa chuo awe Cervantes. Nikamuuliza mjumbe, amekupa hela yoyote ya safari yangu? Akasema wala hakufikiria. Basi ndugu yangu rudi zako China, mimi mgonjwa na sina hela. Anamsifia Lemos baada ya hapo, kwa adabu zote, na Lemos akisoma anajua kabisa hiyo nauli inamhusu.

Barua ya mwisho kwa Lemos ni ya tarehe 19 Aprili 1616. Jana yake alishapakwa mafuta ya wagonjwa, anasema mguu uko tayari kwenye kikuku cha farasi, muda ni mfupi, na bado anamwahidi mheshimiwa kwamba Mungu akifanya muujiza ataona vitabu vingine vitatu, anavitaja kwa majina, kimojawapo muendelezo wa La Galatea, riwaya yake ya kwanza, ambao wasomaji walikuwa wanausubiri toka 1585. Akafa siku tatu baadaye, akazikwa kwenye konventi ya shirika lilelile la Utatu lililomtoa Algiers. Muendelezo wa La Galatea bado hatujaupata.